Salamu Nusu

Juzi, kwenye kliniki ya kifua, nilikaa benchi moja na mwanamke aliyetoka Fukayosi. Ndiyo kwanza alikuwa ametolewa nyuzi. Aliinama upande, mkono umebana ubavu, vile tunavyokaa sote tuliopasuliwa kifua, na kila aliyepita akimwambia pole alijibu, "Nimeshapoa." Alimjibu hivyo mfagiaji, akamjibu nesi, akamjibu na bibi mmoja aliyekuwa amepotea anatafuta chumba cha macho. Mwishowe nikamuuliza, "Umepoa kweli, au ni mdomo tu?" Akanitazama kama nimemtukana. Kisha akacheka kidogo, akaumia, akaacha.

Nikaanza kumsimulia yangu, lakini akaitwa ndani kabla sijafika hata katikati. Akaniomba nimwandikie. Basi nayaandika haya kwa ajili yake, na kwa ajili ya wengine waliokatwa pafu, kovu bado bichi, halafu wakaanza kukohoa upya. Mambo ya pafu lenyewe waulizeni madaktari. Mimi nitasema ya nyumbani.

Kazi yangu ilikuwa kwenye mashamba ya chumvi hapa Bagamoyo. Nilishona midomo ya viroba kwa shazia, ile sindano kubwa, toka asubuhi mpaka jua lianze kuuma macho. Usichanani niliwahi kuugua kifua kikuu, nikameza dawa zote, nikapona. Kumbe kiliniachia shimo juu ya pafu la kulia, na miaka mingi baadaye lile shimo likaanza kutoa damu. Siku moja nilikohoa juu ya kiroba cheupe nilichokuwa nimekimaliza kushona, na msimamizi akanifokea kwanza kwa kuchafua kiroba kabla hajaona ni nini. Baada ya hapo yakawa mabenchi. Benchi la hapa, benchi la Dar, picha, makohozi kwenye kikopo, njoo Jumatatu, daktari yuko kwenye upasuaji, njoo tena. Mvua za vuli zilipoanza, nikakatwa huko Dar.

Nilipozinduka, ubavu wa kulia, kuanzia chini ya kwapa mpaka chini ya titi, haukuwa wangu. Nikiugusa, vidole vilihisi ngozi lakini ngozi haikuhisi vidole. Daktari alisema ganzi hiyo huenda ikaisha, huenda ikabaki. Nilidhani ni ya ngozi tu.

Walinipa kichupa chenye vipira vitatu ndani yake. Unavuta pumzi kwa mrija, vipira vinapanda. Mimi nilipandisha kimoja, na cha pili kikawa kinatikisika tu pale chini, kinanidhihaki. Nikarudishwa nyumbani na kichupa changu, nimeambiwa nivute kila siku, nisibebe ndoo, nisikae kwenye moshi.

Mume wangu, Shomari, ni fundi pikipiki. Ni mtu wa maneno machache, na mikono yake haijawahi kutakata oili tangu nimjue. Watoto wetu wawili, Mwajuma na mdogo wake, aliwapeleka kwa dada yake Chalinze ili nyumba itulie. Halafu akampigia simu mama yake, Bi Mwanaidi, aje kuniuguza. Mama mkwe wangu akashuka kutoka Mkange na mchele mpya, chungu chake mwenyewe cha kupikia, na jogoo aliyefungwa miguu.

Hapa lazima niwaeleze salamu za Bi Mwanaidi, maana bila hizo nisingekuwa naandika. Kwake, kusalimiana ilikuwa kazi kamili kama kupika. Nikimwamkia, "Shikamoo mama," alijibu, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nami nijibu sijambo, kisha ndiyo mambo yaanze. Nimuulize ameamkaje. Nimuulize viungo. Nimuulize habari za Mkange, mashemeji hawajambo, shamba halijambo, majirani wazima, mpaka tumalizie kwa kuku. Kuku wake aliwaacha kwa jirani na alitaka waulizwe kila siku, kana kwamba habari zao humfikia kila usiku. Akishajibu yote, anageuka sasa kuniuliza mimi. Mtu aliyemkatiza alimwekea kinyongo. "Salamu nusu ni tusi zima," ndivyo alivyokuwa akisema. Nilipoolewa nilichoka sana na salamu hizo, nikawa nachungulia dirishani nione kama amekwenda kisimani ndipo nitoke chumbani. Baadaye nikazizoea, mdomo ukawa unakwenda wenyewe.

Wageni walikuja. Mgonjwa kwetu hajuliwi hali kwa mbali. Watu walikaa kitandani kwangu, wakanishika mkono, wakanipapasa kipaji cha uso, wakaomba dua, wakanywa chai. Ilikuwa kiangazi kikali, upepo wa kaskazi umeshaingia, na kila nyumba ilikuwa na mtu anayekohoa. Jina la ule ugonjwa mpya uliokuwa ukienea watu hawakupenda kulitamka. Walisema fulani ana changamoto ya kupumua, fulani kafariki, alipata changamoto ya kupumua. Mimi changamoto yangu ilikuwa na cheti. Kila mtu alijua nimekatwa pafu, kwa hiyo nilipoanza kuhema hakuna aliyeshangaa, na mimi mwenyewe sikushangaa.

Homa ilikuja alasiri moja, ikaondoka, ikarudi. Bi Mwanaidi alisema kidonda kinavuta. Akataka nijifukize. Alishachemsha majani ya mwarobaini na mchaichai na maganda ya malimau kwenye chungu, blanketi liko mkononi. Shomari akakataa.

"Mama, huyu ana kidonda. Mvuke utamchoma."

"Mvuke umemchoma nani? Mimi si hapa nimekaa?"

"Mama, daktari kakataza."

Daktari hakukataza, hakuna aliyemuuliza. Bi Mwanaidi akaenda uani akajifukiza mwenyewe, na toka siku hiyo akawa anajifukiza kila jioni, akitoka chini ya blanketi anang'aa kama andazi. Alisema anajifukiza kwa niaba yangu. Shomari alicheka. Mimi niliona kwamba ni jambo la kuchekesha, lakini kicheko hakikuja.

Kisha nikapoteza harufu. Niligundua kwa papa mkavu, aliyepikwa nazi. Nilimwona kwenye sahani na mvuke unatoka, nikangoja harufu, haikufika. Nikanusa khanga yangu, nikanusa mafuta ya taa, nikanusa shati la Shomari la kazini. Hapakuwa na kitu. Hili nalo sikumwambia mtu. Si kwamba nilificha. Najua wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Lakini niliona ni ganzi ileile tu imepanda kutoka ubavuni ikafika puani, na ganzi nilishaambiwa itakuwepo.

Nesi wa Dar alipiga simu kuniulizia. Mtu mwema, alikuwa na sauti ya haraka, nyuma yake kengele na watu.

"Mama Mwajuma, pole. Unaendeleaje?"

"Nimeshapoa."

"Kifua?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

"Haya, tunakusubiri kliniki."

Simu ikakatika. Nilikuwa natweta, nimekaa kitako kwa sababu nikilala nazama, na nilikuwa nimejibu hivyo kwa sababu hivyo ndivyo inavyojibiwa. Ukiambiwa pole, unasema nimeshapoa. Ukiulizwa hujambo, unasema sijambo, hata kama umebebwa kwenye machela.

Ugomvi ulianzia kwenye kuku. Asubuhi ile Bi Mwanaidi alimaliza swala ya alfajiri akaja mlangoni kwangu kama kawaida yake. Nikamwamkia. Akasema, "Marahaba mwanangu, hujambo?" Nikasema, "Sijambo." Akangoja. Nami nikanyamaza. Kesho yake hivyo hivyo. Siku iliyofuata hata shikamoo yenyewe niliikata, nikasema "'Kamoo," kama vijana wa kijiweni. Aliondoka mlangoni. Nilimsikia uani akimwambia mwanawe, na hakupunguza sauti.

"Nimeacha shamba langu, nimeacha kuku wangu, namwosha mkeo, namlisha, na yeye ananisalimu nusu. Siku tatu! Nusu! Nimemkosea nini mwana wa watu?"

"Mama, anaumwa."

"Alipotoka kukatwa alikuwa haumwi? Mbona alinisalimu mpaka kuku? Weye usinifanye mtoto. Mkeo kanichoka. Natafuta gari, narudi kwangu."

Nikasikia anafunga furushi. Chungu kikagongana na mwiko. Nilijua mambo yanakwenda vibaya, nilijua nyumba yangu inaingia aibu ambayo majirani wataitafuna mwaka mzima, na sikujali. Hilo ndilo ningependa mlijue ninyi mnaouguza. Watu hudhani anayekosa pumzi anapapatika kama kuku wa kuchinjwa. Mimi nilikuwa nimetulia kabisa. Nilikuwa naangalia mjusi darini.

Shomari akaingia. Sijawahi kumwona na hasira kama ile.

"Mama Mwajuma, mama anaondoka. Kakukosea nini?"

Nikataka kumwambia hajanikosea kitu. Nikasema, "Haja..." nikavuta pumzi, "...nikosea," nikavuta tena, na lile "kitu" nikaliacha.

Akadhani ni dharau. Akasimama katikati ya chumba, akamwita mama yake, na yule mama akaja na furushi kichwani, akasimama kizingitini uso kautazamisha nje.

"Msalimie mama," Shomari akaniambia. "Hapa, nisikie. Salamu nzima."

Nikaanza. "Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Ume... amkaje?"

"Salama."

"Na huko..." Nikavuta pumzi. "Huko Mkange..." Nikavuta, na safari hii pumzi iligonga mahali karibu tu, kama ndoo kwenye kisima kilichokauka. Midomo yangu ikaendelea kucheza. Nilikuwa naulizia mashemeji, nilikuwa naulizia shamba, na hakuna sauti iliyotoka.

Bi Mwanaidi akageuka. Akanitazama kwa muda, akatazama midomo, akatazama kucha. Furushi likashuka kichwani, chungu kikapasuka sakafuni.

"Shomari," akasema, "huyu hana kiburi. Huyu hana pumzi."

Tulikwenda kwa bajaji, mimi katikati yao. Hospitalini kulikuwa na ndoo ya maji mlangoni, benchi nje chini ya turubai, na watu wamekaa mbalimbali, kila mtu anatazama mbele yake. Nesi aliyevaa barakoa mbili alipita na kibanio cha kupimia oksijeni, akitubana vidole. Alipofika kwangu alikibana, akakisoma, akakitoa, akakipangusa, akakibana kidole kingine. Kisha hakuuliza jina. Aliita machela.

Mtungi wa oksijeni ulikuwa umechubuka rangi. Kipimo kikasema kile ambacho watu hawakupenda kukitamka. Daktari alitazama kovu langu, akatazama picha ya pafu, akatoka nje kuongea na Shomari, na kupitia kioo nilimwona mume wangu anaitikia kwa kichwa, anaitikia, anaitikia, mikono yake yenye oili imeshika barakoa isidondoke. Baadaye sana aliniambia alichoambiwa. Aliambiwa mtu mwenye mapafu mazima anahangaika, sembuse huyu.

Wakati huo mimi nilisikia tu baridi ya mrija puani. Walitaka nilale kifudifudi, na niliogopa kovu, lakini ilibainika kwamba ubavu wenye ganzi ndio pekee usiouma ukilaliwa. Nikalalia hiyo ganzi. Ilikuwa rehema ndogo. Nyingine ilikuwa muuguzi mmoja wa kiume, mtu wa bara, aliyekuwa akinichana nywele kwa sababu mikono yangu haikufika kichwani. Alichana vibaya sana.

Kwenye kitanda cha jirani alikuwa mwalimu wa shule, mama mtu mzima, mkarimu. Aliletewa embe akakata, akanipa kwa mkono wa nesi nusu yake kwenye kisahani. Nilisema nitakula jioni. Jioni kitanda chake kilikuwa kimetandikwa upya. Nikaangalia kitanda, nikaangalia embe, nikalila. Halikuwa na ladha yoyote. Nilijua kwamba mtu amekufa na kwamba nakula embe lake, na nilijua kwamba ninapaswa kulia. Nililila lote, nikanyonya kokwa, nikalala. Nimeandika hili kwa sababu najua kuna mgonjwa mahali fulani anajiona mnyama kwa kutohisi. Si mnyama. Mwili unafunga milango ya mbele ili ulinde chumba cha ndani.

Wageni hawakuruhusiwa. Lakini kila asubuhi Bi Mwanaidi alikuja akasimama nje ya ukuta wa wodi, upande wenye mti wa mkungu, na Shomari anapiga simu kisha anampa. Nilimwona dirishani, mdogo, na khanga imefungwa puani badala ya barakoa.

"Nisalimie," alisema.

Nami nikamsalimu mpaka nilipokwama. Nikikwama hakusema pole. Alisema, "Haya, leo tumeishia kwa mashemeji," akamrudishia mwanawe simu. Siku nyingine tuliishia kwenye "umeamkaje" naye alibaki amesimama pale mpaka jua likampata. Madaktari walikuwa na kibanio chao. Mimi na yeye tulikuwa na chetu. Nilikuwa nangoja simu ile, nadhani, ingawa wakati huo nisingesema kuwa nangoja chochote. Nilifika shambani. Nikarudi nyuma mpaka shikamoo. Nikafika tena shambani, nikafika kwa majirani, na asubuhi moja ambayo mawingu ya masika yalikuwa yameshaanza kujaa nilisema, kwa pumzi moja niliyoivuta polepole kama ya vipira vitatu, "Na kuku je, mama?"

Kisha akasema, "Kuku wazima. Mmoja kataga." Nikamwona anajifuta macho kwa ncha ya ile khanga ya puani.

Nilirudi nyumbani mvua zinanyesha. Nilikuwa nimekonda hata pete ilizunguka kidoleni, nywele zilidondoka kwa mafungu, na kutoka kitandani hadi chooni ilikuwa safari ya kupumzika njiani. Bi Mwanaidi alikaa nami mpaka niliposimama jikoni, akanunua chungu kingine, akarudi Mkange kuwahi mpunga wake. Tangu hapo salamu zikawa za simu, kila asubuhi, mpaka kuku. Shomari alisema tunakula vocha kuliko wali.

Ilikuwa kipupwe, asubuhi ya baridi, watu wameanza tena kuzungumzia changamoto ya kupumua. Nilimwamkia.

"Marahaba mwanangu," akasema. "Hujambo?"

"Sijambo mama. Umeamkaje?"

"Salama."

Nikamuuliza viungo. "Salama." Nikamuuliza shamba. "Lipo." Nikangoja anigeuzie, aniulize mimi. Hakugeuza.

"Mama, na kuku?"

"Wapo."

Yule mwanamke aliyeweza kukuhadithia kila kuku kwa rangi yake. Nilimwita Shomari aliyekuwa uani, nikamwambia, "Tafuta gari. Mama kanisalimu nusu." Alidondosha spana ilipodondokea.

Tulimkuta amekaa kitako barazani, amejifunika blanketi lake la kujifukizia, anasema hajambo. Tuliwahi. Nataka hili lisomwe vizuri na yeyote aliyemuuguza mtu akampoteza na sasa anajihesabia saa: tuliwahi. Alipata kitanda, alipata mtungi, na nilisimama nje ya ukuta uleule, chini ya mkungu uleule, na simu sikioni. Siku ya kwanza tuliishia kwenye shamba. Siku ya mwisho alisema "Marahaba" na nikamsikia anavuta pumzi apate kuniuliza hujambo. Sikumngoja amalize. Nikamwambia, "Sijambo mama. Nimeshapoa. Pumzika."

Msiba ulikuwa Mkange. Nilikaa mkekani na wanawake, khanga kichwani, na nilikuwa mkavu. Nilipakua wali, nilihesabu masahani, niliona macho yananiangalia: yule mkwe, hata chozi. Walikuwa na haki ya kuangalia. Kuku wake walikuwa wanapita katikati ya watu, wanadonoa punje.

Kisha jirani yake, yule aliyekuwa akiachiwa kuku, akaja akanipa mkono.

"Pole, mwanangu."

Mdomo ukaanza wenyewe, kama ulivyofundishwa. "Nimesha..." Nikasimama hapo. Pumzi nilikuwa nayo tele, ya kutosha kumaliza.

"Bado," nikamwambia. "Bado sijapoa."

Na hapo ndipo nililia, kwa sauti, mpaka wanaume wakageuka kutazama, nikamlilia Bi Mwanaidi, na mwalimu wa embe, na mimi mwenyewe, na ubavu wangu wenye ganzi ukauma. Katika salamu zetu hakuna jibu la neno hilo. Yule jirani alibaki ameshika mkono wangu. Kisha akasogeza khanga yake, akakaa mkekani karibu nami.